Ugonjwa wa Mama Pacha

Asubuhi ile hapakuwa na glasi hata moja ya kunywea maji nyumbani kwa Fundi Viatu. Shangazi alifungua kabati, akalifunga, akalifungua tena kama mtu anayelipatia kabati nafasi ya kutubu. Ndipo alipogeuka akaziona zote zimejipanga dirishani, zimejaa maji, na ndani ya kila moja kipande cha shina la mnyanya kinaning'inia kwa uzi.

"Mtaalamu!" aliita. "Vyombo vya wageni umevigeuza maabara?"

"Shikamoo, shangazi. Usiziguse tafadhali, maji yakitikisika sitaona kitu."

"Marahaba. Uone nini? Mimi naona majani."

Binti wa Fundi alikuwa amepiga magoti, pua inakaribia kugusa glasi. "Njoo uangalie. Hapo chini nilipokata. Umeona?"

Shangazi alikuja shingo upande, akainama. Kutoka kwenye ncha ya shina ulikuwa unashuka uzi mweupe ndani ya maji, polepole, kama moshi wa kibatari uliokosea njia ukaelekea chini.

"Nini hicho?"

"Vijidudu. Vimejazana kwenye mishipa ya mti mpaka maji hayapandi. Ndiyo maana nyanya zinanyauka na udongo umelowa."

"Na hizo ndizo glasi tunazonywea."

"Nitazichemsha, shangazi."

"Utanunua nyingine, mwanangu. Mwenzio sinywi vijidudu vya kuchemsha."

Baba mtu alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati. Alizitupia glasi jicho moja tu, akaketi kwenye kigoda chake cha kazi. "Huo ugonjwa hauhitaji glasi," alisema. "Unajulikana. Ni yule mwanamke na maji yake ya sabuni. Na nyuma yake wapo hao wakubwa waliotupatia uwanja wa vumbi tulime, wakapiga picha, wakaondoka."

Tangu azikwe mkewe, Fundi alikuwa na jibu kwa kila jambo, na jibu lenyewe sikuzote lilikuwa mtu. Bomba likikauka, kuna mtu. Soli ikibanduka, kuna mtu aliyeuza gundi. Na mara nyingi, tuseme kweli, hakukosea. Wakubwa wa mji ule walikuwa wanampa ushahidi kila siku bila kuombwa. Ila mtu akizoea kupatia, siku ya kukosea haijui.

*

Bustani yenyewe ilikuwa nyuma ya karakana ya zamani ya manispaa: matuta marefu, kila kaya na tuta lake, bomba moja, mpira mmoja wa kumwagilia, na mwenyekiti mmoja, naye ni Fundi. Binti alikuwa anasomea kilimo cha bustani chuoni. Likizo ndefu ilipofika, akapangiwa mafunzo ya vitendo katika ofisi ya ugani, na yeye mwenyewe aliomba apewe bustani ya mtaani kwao. Mtaa ukamvika jina la Mtaalamu, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli.

Nyanya zilianza kunyauka kwenye tuta la Mama Pacha. Mchana zinalala kama zimepigwa na jua, jioni zinainuka kidogo, kesho zinalala moja kwa moja. Kisha matuta mengine yakafuata. Watu hawakuchelewa, wakaupa ugonjwa jina: ugonjwa wa Mama Pacha. Mama huyo alikuwa mgeni mtaani, anafua nguo za watu, ana mapacha wawili wa kike wasiojua baba yao anakaa wapi. Kile kituta ndicho kilichokuwa kinawalisha siku ambazo hakuna nguo za kufua. Jumamosi kikundi kilikuwa kikutane kuamua kama anyang'anywe.

Binti alimkuta ameshika ndoo tupu, anaitazama miti yake iliyoinamisha vichwa.

"Mama, wanasema unamwagia maji ya sabuni. Kweli?"

"Kweli. Maji ya kusuuzia. Bomba likikauka nimwagie nini, machozi? Nayo yana chumvi."

"Unamwaga wapi?"

"Hapa kwenye nyanya, na pale kwenye mchicha. Ndoo ileile."

Binti aliutazama mchicha. Ulikuwa umenenepa, majani yake mapana kama viganja. Alichuma jani, akaligeuza, akalinusa. "Mchicha umekunywa maji yaleyale, na haujui kama kuna ugonjwa," alisema, akijisemea zaidi kuliko kumwambia mwenzake. "Sabuni haichagui. Miche ya nyanya uliitoa wapi?"

"Si nyinyi mlinipa? Sikuwa na mbegu. Bwana Shamba akaleta boksi la miche ya ofisini, akasema apewe mgeni. Nikapigwa hadi picha nimelikumbatia kama mtoto mchanga."

"Wengine walipanda miche yao wenyewe?"

"Walipanda ya kwao. Ndiyo maana mchawi ni mimi."

Jirani wa tuta la chini, muuza mkaa, akadakia bila kuinua kichwa, "Mtaalamu, usipoteze muda. Uchafu hauhitaji darasa."

Mama Pacha alishika ndoo yake akaondoka, na mapacha wakamfuata, mmoja kila upande. Walikuwa wamezoea. Wiki iliyopita Fundi mwenyewe, kwa cheo chake cha mwenyekiti, alisimama palepale akasema mbele yao: "Mama yenu ni mchafu, na uchafu wake unatuua njaa." Watoto walikuwa wamemkodolea macho kwa muda mrefu, bila kulia.

Tuta lililopakana na la Mama Pacha kwa upande wa juu lilikuwa la Mzee Usiguse, aliyepewa jina hilo kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kwa kila anayekaribia. Nyanya zake zilikuwa zimesimama wima, nyekundu, zimejaa kiburi cha mwenyewe.

"Shikamoo, mzee. Mbona zako nzima?"

"Marahaba. Kwa sababu sijaziudhi. Usiguse!"

"Sigusi. Nakuuliza tu. Mbona matawi yamesongamana hivi? Hukupogoa?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Baba yako alinijia na kisu chake. 'Mzee, nikutolee vichipukizi vya kwapani, binti yangu kafundisha.' Nikamwambia nenda kamtolee mama mkwe wako. Mti umepewa makwapa na Mungu, wewe nani?"

Binti alicheka naye. Kicheko kikafika katikati kikasimama.

Alirudi kwa muuza mkaa. "Nyanya zako nani alizipogoa?"

"Baba yako, Mungu ambariki. Hata maji ya kunywa hakutaka. Alianza kwa huyo mama, akaja kwangu, akashuka hivi." Kidole cha muuza mkaa kikafuata matuta mpaka chini bondeni. Binti aliyatazama yalivyopangana. Lililo karibu limekauka kabisa, linalofuata limenyauka, la mbele yake limeanza kulegea. Ungesema kuna mtu aliyepita akiyasomea dua mbaya, moja baada ya jingine.

Aliikumbuka siku alipowapa somo la kupogoa. Bwana Shamba alikuja na gari na mpiga picha, akatazama saa, akamwambia, "Fupisha, binti, fupisha." Akafupisha. Akaonyesha pa kukata, na kisu alikuwa ameazima kwa baba yake, kile cha kukatia ngozi, kikali kama ulimi wa wifi. Sehemu ya mwisho ya somo ilihusu kukipitisha kisu kwenye moto kabla ya kuhamia mti mwingine. Mwisho haukufikiwa. Picha zilikuwa zimeshapigwa.

*

Ofisi ya ugani ilikuwa na viti vya kutosha, lakini mwanafunzi wa vitendo husimama. Kesho yake Binti alipitia kwanza nyuma, kwenye kitalu. Miche iliyobaki ilikuwa pale, mingine imelegea shingo. Alikata mmoja, akatafuta kitu cha kioo, akapata glasi moja mezani, akaijaza maji.

Bwana Shamba aliingia uzi mweupe ukiwa umeshafika chini.

"Hiyo glasi yangu ya chai!"

"Samahani, bosi. Lakini tazama. Huu mche ni wa kitalu chetu. Ugonjwa umetoka hapa."

Bwana Shamba hakuinama. Kuinama kungekuwa kukubali kwamba kuna kitu cha kutazama. "Hayo ni maziwa ya mmea."

"Mnyanya hauna maziwa, bosi."

"Wewe umekuja kujifunza au kufundisha?"

"Kujifunza. Ndiyo maana nauliza. Naomba tuwaambie kikundi kabla ya Jumamosi. Yule mama atanyang'anywa tuta bure."

Mkubwa alichukua glasi, akamwaga maji na mche dirishani, akaipangusa kwa leso. "Taarifa yangu nimeshaipeleka juu: maji machafu. Sasa unataka niwaambie wakubwa kwamba ofisi ndiyo iliyogawa ugonjwa? Binti, alama zako za mafunzo nazitoa mimi. Una maswali mengi mno. Chuoni hawawafundishi kunyamaza?"

"Kipindi hicho hakipo kwenye ratiba," alisema Binti, na papo hapo akatamani arudishe maneno mdomoni.

Bwana Shamba alimnyooshea kidole mlango.

*

Njiani alikuwa anajua nusu moja tu: ugonjwa ulivyoingia. Nusu ya pili, ulivyotembea, aliihofia, na bado ilimwasha kama upele. Nyumbani kulikuwa na makopo mawili ya rangi yenye minyanya mizima aliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu za Mzee Usiguse. Aliazima kisu cha baba yake. Akakata shina gonjwa, na kwa kisu hichohicho akatoa kichipukizi kwenye kopo la kwanza. Kisha akakipitisha kisu kwenye moto wa jiko mpaka kikabadilika rangi, kikapoa, akakata kwenye kopo la pili.

"Kisu cha kazi hicho," Fundi alilalamika. "Ukikichoma kinapoteza makali."

"Nitakinoa, baba. Naomba unisaidie kumwagilia haya makopo nikiwa kazini. Sawasawa, yote mawili."

"Yana nini?"

"Sijui bado."

Fundi aliyamwagilia, asubuhi na jioni, kwa uangalifu wa mtu asiyependa kuambiwa kapendelea. Mwanzoni alikuwa anamwaga tu na kwenda zake. Halafu akaanza kusimama. Siku moja Binti alirudi akamkuta amechuchumaa, kiatu cha mteja mkononi, macho kwenye kopo la kwanza.

"Hili linanyauka," alisema. "Nimelipa maji kama mwenzake. Jua lilelile. Hapa hakuna sabuni wala Mama Pacha. Umelifanya nini?"

Jumamosi ilikuwa kesho. Binti aliketi chini kando ya kigoda.

"Nimelikata kwa kisu ulichopogolea bustani, baba, baada ya kukata mti mgonjwa. Hili lingine, kisu kilipita motoni kwanza."

Fundi hakuelewa mara moja, au alielewa akakataa kufungua mlango. "Kwa hiyo kisu."

"Kisu na utomvu uliobaki kwenye kisu. Ugonjwa ulikuja na miche ya ofisi. Ulianzia kwa Mama Pacha kwa sababu yeye ndiye aliyepewa. Na wewe ulianza kupogoa kwake, ukaenda kwa muuza mkaa, ukashuka mpaka chini. Aliyekukatalia ni Mzee Usiguse peke yake."

"Mimi?" Kiatu kilianguka. "Mimi niliyekwenda kuwasaidia watu bure, mgongo unaniuma? Mimi ndiye ugonjwa?"

"Sikusema hivyo, baba."

"Umesema! Umesomeshwa ili uje uniambie hivyo? Na aliyenifundisha kukata ni nani? Si wewe?"

"Ni mimi. Sikuwaambia habari ya moto. Bwana Shamba alikuwa ananiharakisha, lakini mdomo ulikuwa wangu."

Shangazi alitoka na ufagio, akasimama katikati yao kama hakimu. "Kaka, punguza sauti. Majirani wana masikio, na kesho wana mkutano."

"Kesho sina la kusema. Kosa ni la ofisi. Ofisi ndiyo iliyoleta miche mibovu! Tangu mwanzo nilisema ni wakubwa."

"Ulisema," alikubali Binti. "Na ulisema ni Mama Pacha. La kwanza ulipatia."

Fundi aliokota kiatu, akakipiga nyundo mahali ambapo hapakuwa na msumari. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Na tukinyamaza?"

"Atanyang'anywa tuta. Na mwaka ujao utapogoa tena."

*

Mkutano ulifanyika penye bomba. Bwana Shamba alikuja, akaegemea gari lake upande wa barabara ili viatu visichafuke. Mama Pacha aliketi juu ya ndoo aliyoigeuza, peke yake. Watu walikuwa wamemwachia nafasi kubwa kama aliyepewa heshima. Mapacha alikuwa amewaacha nyumbani.

Fundi alisimama. Alianza kama kawaida yake: uwanja wa vumbi, bomba moja, ahadi za uchaguzi. Watu walitikisa vichwa. Wimbo huo waliujua. Binti alishusha macho. Alijua baba yake anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na alikuwa hajui kama atataga.

"Miche ya ofisi ilikuwa migonjwa," Fundi alisema. "Huyo mkubwa aliyeegemea gari anajua."

"Mwenyekiti, chunga ulimi wako," alisema Bwana Shamba.

"Nimeuchunga miaka mingi, na wewe hukuniongezea bomba. Miche ilikuwa migonjwa. Huyu mama alipewa ugonjwa kwenye boksi, na picha akapigwa." Akameza mate. "Lakini kwenye boksi haukutoka wenyewe. Ulikuwa na mtu wa kuusindikiza. Mimi niliubeba kwa kisu changu, tuta kwa tuta, mlango kwa mlango, kama mgawa barua. Mkanipa na asante."

Muuza mkaa alikuwa wa kwanza kuinuka. "Kwa hiyo nyanya zangu umeziua wewe?"

"Mimi."

"Nikakuombea na baraka!"

"Zichukue," alisema Fundi. "Sijazitumia."

Kuna waliocheka, kuna waliosonya. Mzee Usiguse alianza kusema "Niliwaambia," akakatazwa na wenzake kwa mikono. Binti alisimama akaeleza: miti yote migonjwa ing'olewe na kuchomwa, nyanya, biringanya na pilipili zisipandwe kwenye udongo ule kwa misimu kadhaa, vijidudu havifi haraka, yapandwe mahindi, vitunguu, kabichi. Na kisu kipite motoni. Safari hii alifika mwisho wa somo, na hakuna aliyetazama saa isipokuwa Bwana Shamba, ambaye aliingia garini kabla hawajapiga kura. Baadaye, kwenye karatasi ya tathmini, aliandika kwamba mwanafunzi ana bidii lakini ana maswali mengi, akampa alama ya kupita tu, na kitalu cha ofisi kikaendelea kugawa miche. Wakubwa hawanyauki.

Mikono ya kumbakiza Mama Pacha iliinuliwa, mingine kwa haraka, mingine kama inayonyanyua gunia. Muuza mkaa alikuwa wa mwisho. Fundi alimwendea yule mama.

"Dada, tuta ni lako. Nisamehe."

Mama Pacha aliinuka, akaigeuza ndoo yake, akakung'uta vumbi. "Tuta nimesikia. Lakini lile neno hukunitukana mimi. Ulilisema mbele ya wanangu. Siku hizi nikiwapakulia chakula wanakinusa kwanza. Nenda ukalitoe ulikoliweka."

*

Mama Pacha alikaa chumba kimoja cha nyuma ya duka la spea, uani kamba za nguo za watu zimejaa mashuka. Fundi alipita chini ya mashuka hayo ameinama, Binti nyuma yake. Baba mtu alikuwa amevaa shati la kwenda kwenye shughuli. Mama Pacha hakuwasaidia. Alisimama mlangoni akikunja nguo, kama hayamhusu.

Mapacha walikuwa wamekaa kizingitini. Walipomwona walisogeleana.

Fundi alichuchumaa, magoti yakalia. Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila jambo alitafuta pa kuanzia akapakosa, mpaka mmoja wa watoto akamsaidia. "Umekuja kumfukuza mama?"

"Hapana. Nimekuja kusema nilikosea. Mama yenu si mchafu. Hajaua nyanya za mtu."

Watoto walimgeukia mama yao, wakamwona anakunja shuka, wakarudisha macho.

"Sasa nani mchafu?" akauliza wa pili.

Binti alimtazama baba yake. Ofisi ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, angeweza kuitaja, na isingekuwa uongo.

"Mikono yangu," alisema Fundi, akainyoosha mbele yao.

Watoto waliinamia ile mikono. Mmoja akaishika, akaigeuza huku na huku, akachungulia kati ya vidole, akatazama na chini ya kucha, kwa makini kama mtu aliyedondosha shanga.

"Mbona safi?" alisema.

"Ndiyo maana sikujua," alisema Fundi. Mtoto alikuwa hajaridhika, bado anatafuta, naye akamwachia mikono atafute.